Mashine iliwaka, ikalipwa: kisa cha injini bandia ya mtumbwi, Mwanza

## Usuli

Kisa hiki ni cha tajiri mmoja wa dagaa mwenye mitumbwi miwili kwenye mwalo (mahali mitumbwi inaposhushia samaki) wa wilaya ya Ilemela, Mwanza. Alinunua mtandaoni mashine ya mtumbwi iliyotumika. Akaambiwa ni Yamaha 15, yaani ya nguvu za farasi 15, akaijaribu kabla ya kulipa, ikawaka, akalipa. Haikuwa Yamaha, na haikuwa 15. Majina, tarehe, namba za simu na jina la mwalo vimeondolewa. Kiasi cha fedha kimebaki kama kilivyokuwa, maana hesabu zenyewe ni sehemu ya kisa. Mimi niliingia fedha zikiwa zimeshatoka, kwa kuwa kazi yangu ni kuwasaidia wavuvi na wachuuzi wa samaki kuandika makubaliano na kufuatilia malalamiko yao.

Nimekichagua kwa sababu hakifanani na vile visa vya "nimetuma hela, muuzaji kazima simu" ambavyo kila mtu ameshavisikia. Hapa mzigo ulifika na kupimwa mbele ya watu wawili wanaojua mashine. Ushauri wa kulipa ukishauona mzigo ulifuatwa karibu wote, na bado tajiri akapigwa.

Kwa asiyeijua kazi ya dagaa: dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu cha maana, mitumbwi hupandishwa, nyavu hushonwa na mashine hupelekwa kwa fundi. Giza likiingia, kila tajiri anataka mtumbwi wake uwe majini usiku huo huo. Yeyote aliyewahi kukaa mwaloni anaijua kalenda hiyo bila kuuliza. Muuzaji wa kisa hiki aliijua pia, na aliitumia.

Mashine ya mtumbwi mmoja ilikaba mwishoni mwa giza lililotangulia. Petroli ilikuwa imechanganywa na oili kidogo mno, pistoni ikanata kwenye silinda. Fundi wa Kirumba alipoifungua alikuta silinda imechubuka na bei ya matengenezo inakaribia kununua mashine nyingine iliyotumika. Mpya ya dukani haikuwa ndani ya uwezo wa tajiri kwa msimu ule. Yamaha ndiyo aliyoitaka, kwa sababu zile zile za wenzake: vipuri vyake vinapatikana, mafundi wanaizoea, na siku ukitaka kuiuza haikai. Sababu hizo hizo ndizo zinazomfanya mtu mwenye mashine ya jina jingine atamani kuibandika jina hilo.

## Mambo yalivyokwenda

Tangazo lilikuwa kwenye kundi la kuuziana zana za uvuvi. Picha nne, safi, na maneno machache: Yamaha 15, imetumika kidogo, haina tatizo, ipo Musoma, milioni 3 na laki 2. Mashine za namna hiyo zikiwa katika hali nzuri wenzake walikuwa wakiambiwa milioni 4 kwenda juu. Bei ilikuwa nzuri bila kutia shaka, na nitarudi hapo baadaye.

Tajiri aliandika, "Habari za kazi kaka, mashine bado ipo?" Jibu likaja mara moja: "Ipo bosi wangu, ila kuna mtu wa Ukerewe anakuja nayo mbio. Giza ndo hilo linaingia, mwenyewe unajua."

Hapo ndipo ulipoanza uchunguzi wa mnunuzi, na haukuwa wa kizembe. Aliomba kitambulisho, akatumiwa picha ya kitambulisho cha NIDA. Aliomba video, akatumiwa ya mashine inawaka ndani ya pipa la maji. Aliomba risiti ya dukani, akatumiwa picha ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iliyofifia, yenye namba iliyoongezwa kwa peni pembeni na kuitwa namba ya mashine. Aliomba waongee kwa simu ya picha. Muuzaji akapokea, akaonyesha uso wake, akasalimia hadi nahodha. Wakaongea vizuri, kindugu. Tajiri akatuma laki 3 ya kuishikilia.

Makubaliano yakawa kwamba mashine itapanda basi kutoka Musoma ikisindikizwa na kijana wa muuzaji, wakutane stendi ya Nyamhongolo, mashine ijaribiwe, ndipo zilizobaki zilipwe. Kijana alichelewa. Saa nane ikawa saa kumi, saa kumi ikawa saa kumi na mbili jioni. Alipotokea, mashine ilikuwa nyuma ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, pembeni ya barabara, nje ya stendi. Alisema basi lilimshusha hapo kwa sababu ya mzigo. Hakuna aliyemuuliza stakabadhi ya mzigo ya basi.

Walikwenda kwenye gereji ya jirani wakaazima pipa. Kamba ilivutwa, mara ya pili mashine ikawaka. Maji ya kupoozea yakatoka vizuri, sauti ikawa haina kasoro. Nahodha, mtu aliyezeeka na mashine, akatikisa kichwa kukubali. Kwa furaha akarekodi kwa simu yake ili awatambie vijana wa mtumbwini. Tajiri akatuma milioni 1 na laki 5 kwa namba nyingine aliyopewa ("hiyo ndo ya bosi"), na milioni 1 na laki 4 akaikabidhi taslimu mkononi mwa kijana. Kirikuu kikageuza. Tochi ya simu ndiyo iliyomulika makabidhiano.

Usiku wa kwanza majini mashine iliutoa mtumbwi na kuurudisha. Nahodha alisema nzito kidogo, pengine imekaa muda mrefu bila kazi. Usiku wa pili upepo ulipinda, mtumbwi umejaa, na mashine ikawa inalia kwa nguvu zake zote huku mtumbwi hausogei inavyotakiwa. Wenzao waliotoka pamoja walifika mwaloni na kumaliza kuanika, wao bado wako njiani. Asubuhi mashine ikapelekwa Kirumba.

Fundi hakuanza na injini. Alianza na kava la juu. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa stika yenye namba 15, ukainuka. Stika ilikuwa juu ya rangi, na chini yake kulikuwa na kivuli cha herufi nyingine zilizosuguliwa. Kisha akafungua kava, akaonyesha mpira wa bomba la petroli: ulikuwa na vumbi la rangi ya kijivu, ile ile ya mashine. Kiwandani hawapaki rangi mashine ikiwa imeshafungwa mabomba yake, akasema, hii imepuliziwa ikiwa nzima. Yamaha huweka kibati cha namba kwenye bano la kufungia mashine kwenye mtumbwi. Hapo kulikuwa na kibati, lakini kimegundishwa kwa gundi na herufi zake zimelala upande. Mwisho akageuza mashine na kuonyesha palipopita grenda kwenye chuma, pana kama vidole viwili, panang'aa chini ya rangi. Jina la kiwanda halisi lilikuwa hapo.

Ilikuwa mashine ya kampuni nyingine, ya muundo unaofanana mno na wa Yamaha kiasi kwamba vipuri vingi vinaingiliana. Mashine hizo zinauzwa kihalali kwa jina lake na kwa bei yake, hakuna ubaya. Na ilikuwa ya nguvu 9.9. Katika ukoo huo wa mashine, 9.9 na 15 zina ujazo ule ule wa cc 246 na umbo lile lile. Kinachozitenganisha zaidi ni kabureta na njia ya hewa. Ukibadilisha stika, macho hayana pa kushika. Ndiyo maana nahodha hakuona kitu.

## Maamuzi na sababu zake

Tajiri alikuwa ameshika simu tayari kumtukana muuzaji. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumzuia. Mtu akijua umegundua, anafuta mazungumzo upande wake, anazima laini na kuwaonya wenzake. Kabla ya neno lolote tulichukua skrinishoti za tangazo na za mazungumzo yote yenye tarehe na namba, tukahifadhi ujumbe wa miamala miwili, tukampiga picha fundi akionyesha kila alama aliyoikuta, naye akaandika maelezo yake kwa mkono na kusaini. Tangazo lilifutwa siku iliyofuata. Tungekuwa tumechelewa.

La pili lilikuwa mtandao wa simu. Tulipiga huduma kwa wateja kuomba muamala uzuiwe. Muamala unaweza kuzuiwa fedha zikiwa bado zimo kwenye akaunti ya aliyepokea. Zilikuwa zimetolewa usiku ule ule. Hata hivyo simu hiyo ilitupa kumbukumbu ya malalamiko, na polisi waliitaka.

La tatu ndilo lililoleta ubishi mkubwa: kwenda polisi au kutokwenda. Tajiri alikataa kabisa mwanzoni, na sababu zake zilikuwa na uzito. Mashine itachukuliwa kama kielelezo na giza litaisha ikiwa kituoni. Halafu, mashine yenye namba iliyosagwa inaweza kuwa ya wizi. Mashine za mitumbwi huibwa sana katika ziwa hili, mara nyingine kwa silaha, na kukutwa nayo ni kujitafutia shitaka la kupokea mali ya wizi. Alisema, "Nitakwenda kushitaki nibaki mimi."

Mimi niliiona hoja hiyo ikielekea upande wa pili. Aliyenunua bila kujua, akaripoti mara tu alipojua, anasimama mahali tofauti kabisa na aliyejua akanyamaza akaendelea kuitumia. Kila usiku aliotoka nayo baada ya maneno ya fundi ulikuwa unamhesabia vibaya. Tulikubaliana kwanza tuwaulize viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa mialo) wa mialo ya jirani kama kuna mashine ya aina hiyo iliyopotea. Hakukuwa na aliyeidai. Ndipo tukaenda kituoni, tukapewa namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Askari aliikagua mashine, akaipiga picha, na akaiacha mikononi mwa tajiri kwa maandishi kwamba haitauzwa wala kubadilishwa sura mpaka ruhusa itolewe. Hilo lilikuwa busara ya askari yule, mwingine angeweza kuishikilia.

Polisi waliichukulia kuwa ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Upande wa alama ya biashara tuliandika kwa Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Huko tulitegemea zaidi kuacha kumbukumbu kuliko kurudishiwa fedha. FCC hushughulika na bidhaa bandia na anayeziingiza sokoni, kazi ya kukudai deni lako haiwahusu.

## Matokeo

Laini iliyopokea laki 3 ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu wa kijijini ambaye hakuwahi kusikia habari za mashine yoyote. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikuja kuziba mwanya huu, na laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Lakini wapo wanaomsajilia mteja laini moja huku wakimwambia kidole hakijasoma, weka tena, weka tena. Kila mtu na apige *106# aone laini ngapi zimesimama kwa jina lake. Kitambulisho cha NIDA alichotumiwa tajiri kilikuwa cha mtu wa kweli, ila hakikuwa cha aliyekituma.

Kilichofungua njia ni video ya nahodha. Pembeni ya pipa, nyuma ya kichwa cha tajiri, namba ya kirikuu ilisomeka. Dereva alipatikana na hakuficha lolote, kwa kuwa kwake ilikuwa kazi ya kubeba mzigo kama nyingine. Alisema hakuipokea mashine kwenye basi. Aliipakia kwenye gereji moja hapa hapa mjini Mwanza, mchana, kisha akaambiwa asubiri jioni. Musoma haikuhusika kabisa. Umbali ulitungwa ili mnunuzi asiombe kuja kuiona mahali ilipo, na saa zilivutwa ili mwanga upungue.

Mwenye gereji alikana, kisha ikaonekana namba iliyopokea milioni 1 na laki 5 ni ya ndugu yake. Maelezo yake yalibadilika: aliiuza kwa kijana kama 9.9 yenye jina lake halisi, hajui ya mbele. Mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, polisi wakiwa wameshajulishwa, alikubali kurudisha milioni 1 na laki 1. Alilipa laki 7, na baada ya usumbufu mwingi akamalizia laki 4. Tajiri alibaki na mashine, stika zikang'olewa kwa ruhusa ya kituo. Fundi aliithamini milioni 1 na laki 6 kwa kile ilicho. Ukijumlisha, hasara ya fedha ni nusu milioni, na juu yake usiku wa giza ambao mtumbwi ulikaa nchi kavu ukingoja suala limalizike, ambao kwa tajiri wa dagaa ni hasara kubwa kuliko hiyo.

Laki 3 ya kwanza haikuonekana tena. Kijana aliyepokea taslimu hajapatikana, na jalada halijafungwa.

## Uchambuzi

Kosa la msingi, kwa maoni yangu, ni kwamba juhudi zote za uchunguzi zilielekezwa kwa mtu. Kitambulisho, uso kwenye simu ya picha, sauti, ukarimu, risiti: vyote vinajibu swali la huyu ni nani. Hata hilo havikulijibu vizuri. Swali la hii ni nini liliachiwa jaribio la pipa, na jaribio la pipa linajibu swali jingine kabisa, kwamba mashine inawaka. Ya bandia nayo huwaka. Huo ndio ujanja wa bidhaa bandia ukilinganisha na mzigo hewa: kipimo cha kawaida cha mnunuzi kinaupitisha. Kwenye pipa mashine haina mzigo. Tofauti ya 9.9 na 15 ingeonekana ziwani, mtumbwi ukiwa na watu na vitu, kwa mwendo wa nusu saa. Muuzaji wa kweli aliye karibu na maji hana sababu ya kukataa hilo.

Risiti inastahili maneno ya ziada. Risiti ya EFD ina msimbo wa kuskani na namba ya uhakiki, na mtu yeyote anaweza kuiangalia kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA, verify.tra.go.tz, bila malipo. Tuliiskani ile picha baada ya mambo kuharibika. Ilikuwa risiti halali kabisa, ya mifuko ya saruji na nondo. Dakika moja ya kazi hiyo kabla ya laki 3 kutoka ingemaliza kila kitu, na katika kisa chote hakuna kinachonikera kama hiki. Watu wanaomba risiti kwa sababu wameambiwa waombe, wakishaipata wanaridhika na karatasi.

Kuhusu bei. Wengi mwaloni walimsema tajiri kwa "rahisi ghali". Sikubaliani nao. Bei ilikuwa chini ya soko kwa kama robo tu, punguzo ambalo mtu mwenye shida ya fedha hulitoa kila siku. Aliyepanga utapeli huu alijua kwamba milioni 2 ingewatisha watu. Ukisubiri bei ya ajabu ndipo uwe na shaka, wajanja watakupita katikati. Ishara ilikuwa kwenye mambo mengine: haraka iliyofungwa kwenye kalenda ya giza, mnunuzi wa Ukerewe asiyeonekana, namba mbili za malipo zenye majina tofauti, na ahadi ya mchana iliyogeuka jioni. Kila moja ina maelezo yake ya kawaida, ndiyo maana zilipita. Saa kumi na mbili jioni, fedha mkononi, mtu aliyekungoja siku nzima yuko mbele yako, kusema "tuonane kesho asubuhi kwa fundi" kunataka moyo mgumu. Uamuzi huo ungekuwa umefanywa kabla ya kutoka nyumbani usingehitaji ushujaa: hakuna malipo baada ya jua kuzama, na hakuna malipo bila fundi.

Fundi yule wa Kirumba alikuwepo muda wote, dakika chache kwa pikipiki, na hakuitwa kwa sababu nahodha alionekana kutosha. Nahodha anajua mashine inavyotakiwa kwenda. Fundi anajua inavyotakiwa kuwa ndani.

Yaliyofanya kazi yapo. Kukataa kulipa yote mapema hakukuzuia utapeli, ila kulimlazimisha muuzaji kutokeza mtu, gari na namba ya pili ya simu, na vyote vitatu vikawa nyuzi za kufuatia. Malipo ya simu yaliacha alama. Milioni 1 na laki 4 ya taslimu haikuacha, na kama si video mwenye gereji angekana hata kuwapo kwake. Video yenyewe ilikuwa bahati, hakuna aliyeipanga. Tangu hapo nawashauri watu wairekodi makusudi: mashine, kibati, mtu, gari, na maneno ya muuzaji mwenyewe akitaja anachouza na bei. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Basi yafanye maelezo yasikike kwa sauti yake. "Used haina warantii" ni kauli waliyotuletea pia. Warantii ni habari ya ubovu, hapa tulikuwa tunabishania jina na nguvu.

Mapatano ya serikali ya mtaa yananipa wasiwasi mpaka leo. Yalirudisha fedha haraka kuliko mahakama ingerudisha, na tajiri aliyahitaji. Lakini mwenye gereji bado ana gereji, na kava moja zaidi la 15 linaweza kuwa linapakwa rangi. Kitu tulichofanya sawa ni kutoandika popote kwamba mlalamikaji anafuta shitaka. Hati inasema fedha zimerudishwa kwa sehemu, basi.

## Vitu vingine vya mwaloni

Hila hii haiko kwenye mashine peke yake. Paneli za sola za kuchajia taa za dagaa huuzwa mkononi zikiwa na lebo za wati zilizoandikwa tu. Hapo kipimo ni futikamba: jua kali huleta takriban wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri za madukani hugeuza kama moja ya tano yake kuwa umeme. Paneli ya "wati 300" isiyofika hata mita moja ya mraba ni uongo, hata ukiletewa risiti. Kwa simu, *#06# huleta IMEI, namba ya utambulisho wa simu, unaituma kwa ujumbe kwenda 15090 na unajibiwa namba hiyo ni ya simu gani. Ikitaja aina tofauti na iliyo mkononi mwako, rudisha simu kwa mwenyewe. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, ila IMEI ya simu nzima inaweza kunakiliwa kwenye simu ya bandia, kwa hiyo jibu zuri ni mwanzo wa ukaguzi.

Kundi lile la kuuziana zana sasa lina sharti lililowekwa na msimamizi wake baada ya tajiri kuweka picha za grenda hadharani. Anayeuza mashine anatuma video moja isiyokatwa: inaanza kwenye karatasi yenye tarehe ya leo na jina la mnunuzi kwa mkono, inapita kwenye kibati cha namba kwenye bano, kava linafunguliwa, inamalizikia kwenye sehemu ya chini ya mashine, jina la kiwanda likionekana kwenye chuma. Halafu mahali pa kukagulia panachaguliwa na mnunuzi. Wauzaji wawili watatu walilalamika kwamba wanafanywa wezi. Wengine hutuma video hiyo kabla hata hawajaombwa, na mashine zao zinaondoka haraka. Tajiri wetu alinunua ya pili hapo hapo, Yamaha 15 ya mzee wa Kayenze, akaenda nayo ziwani mchana na fundi akiwa amekaa mbele.